Usimwache Halima Jikoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Mbele ya Picha ya Kale

Kanuni hizi nimewaandikia vijana wa Mutanga Sud wanaopita darasani kwangu. Mara kwa mara nawaona wakitumiana kwa simu picha ileile: wazungu wawili wanavuliana kofia mbele ya umati wa Waafrika. Huibandika kwenye kazi zao za shule na kwenye matangazo ya kuwaita watalii, na chini yake huandika kwamba hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone, hapa kwetu Burundi. Sentensi hiyo ni ya uongo. Lakini hata ingekuwa kweli, bado wangekuwa hawajaisoma picha. Wangekuwa wamesoma kofia mbili tu.

Nitatumia picha mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuvuliana kofia, iliyotoka London mwaka 1872. Ilichapwa katika gazeti la Illustrated London News la tarehe 10 Agosti, kisha tukio hilohilo likachorwa katika kitabu cha Henry Morton Stanley, How I Found Livingstone. Ya pili ilitoka London pia, mwaka 1874, ndani ya shajara za mwisho za David Livingstone zilizohaririwa na Horace Waller baada ya kifo chake. Inaonyesha wanawake wa Manyema wakiuawa katika soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mashariki mwa Kongo. Matukio hayo mawili hayakupishana hata miezi minne. Livingstone aliyeinua kofia Ujiji mwezi Novemba 1871 ndiye aliyeshuhudia mauaji ya Nyangwe tarehe 15 Julai mwaka huohuo. Ndiyo maana ninataka mzisome pamoja.

Fanya: uliza kwanza nani alichora, wapi, na kwa mikono ya nani.

Ujiji hapakuwa na kamera siku ile. Mchoraji hakuwapo. Picha ilitengenezwa London kutokana na maelezo ya Stanley mwenyewe, na gazeti likachapa pamoja nayo maneno ya mkono wake akithibitisha kwamba ni sahihi kana kwamba tukio lilipigwa picha. Kijana anayesoma aulize hapohapo: kwa nini mtu aone haja ya kuapia mchoro? Kwa sababu wengi hawakumwamini. Majira yale ya kiangazi kulikuwa na watu Uingereza waliotilia shaka kama kweli amemwona Livingstone. Picha ilikuwa hati ya utetezi wake, na imepangwa kama utetezi unavyopangwa: yeye yuko katikati, anatambuliwa na mtu mwenye heshima kuliko yeye, na umati mzima ni mashahidi.

Jifunze pia jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Picha za magazeti ya wakati huo zilichongwa kwenye mbao ngumu za mti wa boksi. Mti huo hauna kigogo kipana, kwa hiyo vipande kadhaa viliunganishwa, na mara nyingi wachongaji waligawana kazi. Sehemu iliyoachwa juu ya ubao ndiyo iliyopata wino. Sehemu iliyochimbwa ilibaki nyeupe kwenye karatasi. Mwanga katika picha kama hiyo haukutoka kwenye jua la Ujiji. Umetoka kwenye patasi. Mchongaji ndiye aliyeamua uso gani uwe na mwanga na uso gani ufunikwe na mistari mpaka macho na mdomo vipotee. Zilaze nyuso hizo chini ya kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine, na uandike ni ngapi zimepewa sura ya mtu unayeweza kumtambua ukikutana naye barabarani.

Usifanye: usiiite picha ya kuchongwa ushahidi wa macho.

Ni ushahidi wa London ya 1872: ya alichotaka mwandishi, alichoweza mchongaji, na alichonunua msomaji. Kwa habari ya Ujiji ni dai, na dai hupimwa. Stanley mwenyewe alizichana katika shajara yake kurasa za siku ile ya kukutana, na mwandishi wa maisha yake, Tim Jeal, akaeleza mwaka 2007 kwa nini hata salamu mashuhuri anayosema alimpa Livingstone inatiliwa shaka. Ikiwa maneno yenyewe hayana uhakika, mkao wa miguu na mikono utakuwa na uhakika gani?

Usifanye: usichanganye Ujiji na Mugere.

Walikutana Ujiji, ambayo leo iko Tanzania. Kisha wakapanda mtumbwi walioazimwa na mfanyabiashara Said bin Majid, wakafuata ufuo kuelekea kaskazini. Tarehe 25 Novemba 1871 walifika Mugere, kusini mwa mahali ambapo baadaye ulijengwa mji wetu wa Bujumbura. Jiwe lililopo pale lina majina mawili na tarehe hiyo. Wakaendelea hadi mdomo wa mto Rusizi, wakakuta maji yake yanaingia ziwani, wala hayatoki. Hapo ndoto ya kwamba Tanganyika ni chanzo cha Nile kwa njia ya Rusizi ikaisha. Kutoka miinuko ya Mutanga Sud, siku isiyo na ukungu, unaliona ziwa lote la upande huu na milima ya Uvira ng'ambo. Mtumbwi ule ulipita hapo chini. Hiyo inatosha kuwa historia yetu, hatuhitaji kuiba ya Ujiji.

Tena ukifika Mugere, usipige picha na jiwe ukaondoka. Hesabu majina, ni mawili. Wapiga makasia waliowafikisha hawamo. Chifu aliyewapokea na kuwalaza, ambaye Stanley anamwita Mukamba, hayumo. Jiwe limefanya kazi ileile ya picha ya London, kwa njia fupi zaidi.

Fanya: soma uanaume uliochorwa, usidhani jinsia ni habari za wanawake tu.

Hili vijana wengi wa kiume hulikwepa. Ukiwaambia watafute jinsia katika picha, wanatafuta sketi. Wasipoiona wanasema hakuna cha kujadili. Picha ya Ujiji imejaa jinsia tangu pembe hadi pembe. Ni wanaume wawili wanaosalimiana kwa adabu ya mabwana wa mjini London, kwa kuinua kofia, bila kugusana, bila kulia, baada ya mmoja kusafiri miezi na mwingine kuachwa na dunia kwa miaka. Stanley anakiri kitabuni kwamba alitamani kumkumbatia mzee yule, akasita kwa sababu ya umati uliokuwa unawatazama na kwa kutojua Mwingereza angelipokeaje jambo hilo. Basi kile kinachoonekana kama utulivu wa wakubwa kilikuwa ni mtu anayejizuia. Mchongaji alichonga kule kujizuia na kukufanya ukuone kuwa ndiko kuwa mwanamume.

Na yeye Stanley alikuwa nani? Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akakulia katika nyumba ya kulelea maskini ya St Asaph. Hadhi ya kuvuliana kofia na watu wakubwa hakurithi, aliitafuta. Kofia ngumu, bunduki, buti na bendera ya Marekani inayopepea nyuma yake ni vitu alivyovihitaji ili asomeke kama bwana. Mwenye bendera ile alikuwa mbebaji wake wa mbele, kirangozi wa msafara, mtu mwenye kimo kikubwa kwa maelezo ya Stanley mwenyewe. Mbali na macho ya London, kazi ya kirangozi ilikuwa cheo: ndiye aliyeongoza njia na kuweka mwendo. Katika picha amekuwa mlingoti.

Usilikose pia kundi la tatu la wanaume, wale wa kanzu na vilemba. Hao ndio waliokuwa na nyumba Ujiji, waliokuwa na mali, mikopo na mitumbwi. Livingstone aliishi pale kwa hisani yao, akiwa ameishiwa baada ya vifaa vyake kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mamlaka halisi ya mji ule, picha imeyaweka kuwa pambo nyuma ya mgeni na mdeni wao.

Fanya: mtafute mwanamke kwenye maandishi pale picha inapomkosa.

Hii ndiyo kanuni ninayoisisitiza kuliko zote.

Siku ile Ujiji, jikoni kwa Livingstone, alikuwapo mwanamke anayeitwa Halima. Alikuwa mpishi wake, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara. Stanley anasimulia jinsi Halima alivyokuwa akichungulia kutoka jikoni, asiamini kuwa sasa barazani wameketi wazungu wawili, na jinsi alivyohangaika kwa sababu yule wa kwanza alikuwa hali tena kitu, na leo chakula kinatakiwa kwa wote. Anamsimulia kwa sauti ya kuchekesha, kama mtu anayesimulia habari za mtoto. Ondoa kicheko, soma kilichobaki. Kilichobaki ni mwanamke anayejua afya ya yule mzee kuliko mtu mwingine yeyote katika mji, kwa sababu sahani zilizorudi zimejaa zilirudi mikononi mwake.

Endelea mpaka shajara za Livingstone za mwaka 1872, wakati alipokuwa Unyanyembe, karibu na Tabora. Halima aligombana na mwanamke mwingine wa msafara, Ntaoeka, akaondoka. Akarudi mwenyewe. Livingstone anaandika kwamba ni mwangalifu, ni hodari, haibi, wala hamruhusu mumewe aibe. Anasema amempa nguo ya kujikinga na baridi ili ajue hana kinyongo naye. Kisha anaandika kwamba wakifika Unguja atamwacha huru, na kumnunulia nyumba na bustani.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtu anaachwa huru akiwa hayuko huru. Mwanamke aliyempikia mpinzani mkubwa wa biashara ya utumwa alikuwa bado anasubiri uhuru wake, na uhuru huo ulikuwa ahadi ndani ya daftari la mwanamume mmoja. Daftari hilo halikufika Unguja na mwandishi wake. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu wake wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Halima alikuwa miongoni mwao.

Sasa rudi kwenye picha ya kofia mbili. Mamlaka na jinsia vimo humo kwa namna ambayo hakuna mchoro ambao ungeweza kukuonyesha: mwanamke huyu amesukumwa kutoka barabarani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi nje ya ubao wa mchongaji, ingawa mwandishi aliyempa mchongaji maelezo alimjua kwa jina.

Usifanye: ukimwona mwanamke pembeni mwa picha, usimwite Halima.

Nawajua. Mkishajua jina, mtalitafutia uso. Kuna nakala nyingi za tukio hili, zilizochorwa na watu tofauti katika miaka tofauti, na baadhi zina wanawake kwenye umati. Hao ni wanawake wa kuwaziwa na mchoraji aliyekuwa London. Kumpa mmoja wao jina la mtu halisi ni kumdhulumu Halima mara ya pili. Andika: Halima hakuchorwa. Na usimgeuze shujaa wa vitabu vya watoto, anayetabasamu na kuwasamehe wote. Tunachojua ni kwamba alipika, aligombana, aliondoka, alirudi, alitembea. Hicho kitoshe.

Fanya: kwa picha ya Nyangwe, lirudishe soko kwanza, ndipo uyatazame mauaji.

Katika kitabu cha 1874 wanawake hatimaye wanapata picha yao, na maelezo yaliyo chini yake yanawataja: wanawake wa Manyema. Wameipata kwa kuuawa. Msomaji wa London aliyepitia kurasa nyingi za wanaume wanaosafiri na kuamua, alikutana na kundi la wanawake mahali ambapo risasi zinawapata.

Usikubali kuanzia hapo. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa lililokutana kila baada ya siku chache, na wauzaji wake wengi walikuwa wanawake. Walivuka mto na kutembea kutoka vijiji vya mbali wakiwa na samaki, mafuta ya mawese, mihogo, vyungu, chumvi. Livingstone alikwenda kutazama mara kwa mara, na kurasa zake za kabla ya Julai 15 zinaonyesha watu wanaojua bei, wanaobishana, wanaocheka, wanaolinda mizani ya biashara yao. Soko lilikuwa mahali pa amani hata pale vijiji vilipokuwa na ugomvi, na amani hiyo iliwategemea wanawake kupita na mizigo yao. Huo ni utawala. Wale wenye bunduki, watu wa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, walipofyatua risasi siku ile sokoni penye watu wapatao 1,500, waliua watu na pia walivunja mamlaka ya wanawake juu ya mahali pao. Hesabu ya waliokufa aliyopewa Livingstone na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakiwa wamezama mtoni.

Mwanafunzi akiniandikia kwamba picha hii inaonyesha wanawake dhaifu, namrudishia karatasi. Inaonyesha wafanyabiashara waliopigwa risasi kazini.

Usifanye: usiridhike na kugawa watu wema upande huu na wabaya upande ule.

Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilitia nguvu madai ya kufunga soko la watumwa la Unguja, na Sultani Barghash akatia saini mkataba tarehe 5 Juni 1873. Jambo jema lilitoka humo, sina shaka. Lakini picha iliyochapwa mwaka uliofuata inampa msomaji nafasi ya kustarehe: Mwarabu anaua, Mwafrika anakufa, Mwingereza anahuzunika. Mwanamke aliyeumia anakuwa hoja katika mazungumzo ya wanaume wa mataifa mengine.

Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitumia kamera za mwanga maalumu kusoma upya daftari la awali la Livingstone. Kwa kukosa karatasi alikuwa ameandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa na rangi ya mimea, nao ulikuwa umefifia hata hausomeki. Walichokikuta ni kwamba Livingstone alibadilisha masimulizi alipoyanakili upya, na kwamba maneno ya awali yanaacha swali kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa wa mabanyani wa Unguja waliotumwa kumhudumia. Hiyo haiondoi hatia ya waliofyatua risasi. Inatulazimisha kukubali kwamba hata shahidi aliyehuzunika alichagua cha kuandika, naye aliyechonga picha alipokea kilichokwisha kuchaguliwa.

Usifanye: usiseme “zamani zile wanawake hawakuwa na nguvu”.

Sentensi hiyo nimeikataza darasani. Mwaka huo wa 1871 Burundi ilikuwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo. Katika ufalme wetu mama wa mwami, mugabekazi, alikuwa na cheo chake na watu wake. Ririkumutima, mke wa Mwezi Gisabo, alikuwa mwenye usemi mkubwa katika utawala wakati mjukuu wake Mwambutsa alipotawazwa akiwa mtoto mwaka 1915, hadi alipofariki mwaka 1917. Ngoma Karyenda yenyewe, alama ya ufalme, ilikuwa na mwanamke aliyewekwa kuwa mlinzi wake, Mukakaryenda. Wasafiri waliopita ufuoni hawakuyaona hayo, wala wachongaji wao.

Lakini usikimbilie upande wa pili na kusema kwamba enzi hizo mwanamke alikuwa malkia. Mugabekazi mmoja hasemi kwa niaba ya wanawake waliolima ardhi ya wengine. Nasi hatuna haki ya kuicheka London. Uchezaji wa ngoma zetu za kifalme uliingia katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Picha za wapiga ngoma wanazopiga watalii leo, miaka mia ijayo mtu atazitazama na kudhani kwamba kukosekana kwa wanawake kulikuwa hali ya asili tu. Mwandikie mapema kwamba kulikuwa na amri, na mwaka wake.

Mengine, kwa ufupi.

Usikate pembe za picha ili iingie kwenye skrini. Waliosukumwa pembeni wako kwenye pembe. Usiitie rangi kwa programu ya simu, maana rangi ya ngozi na nguo itakayotokea ni ya kubahatisha, na mtu wa tatu ataichukua kuwa kweli. Usiitume bila mwaka na jina la kitabu. Soma ukurasa unaotangulia picha na unaoifuata. Usimwulize mwanafunzi wa kike peke yake maswali ya wanawake waliochorwa, na wa kiume maswali ya bendera. Kama nyumbani kuna bibi anayekumbuka masoko ya zamani ya ufuoni, mwonyeshe picha kabla hujamweleza chochote, unyamaze, uandike anachosema.

Na ukiichapisha tena picha ya kofia mbili, popote pale, weka chini yake maelezo haya au yanayofanana nayo: Ujiji, Novemba 1871, kama ilivyochongwa London mwaka 1872 kwa maelekezo ya Stanley. Hawakuchorwa: Halima, mpishi, aliyekuwa akisubiri kuachwa huru, na wanawake wa soko la Nyangwe, ambako Livingstone alikuwa ametoka.